Mwaka wa Kasi

Bado ninakasirika nikiukumbuka ule ukuta, na sehemu ya hasira hiyo inanirudia mwenyewe, kwa sababu mimi ni mmoja wa watu waliosaidia kuutengeneza.

Kanisa letu lilikuwa Kimbo, upande wa Ruiru, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka huo pasta alirudi kutoka kwa semina fulani akiwa na neno moja mdomoni: kasi. Alituambia Mkristo ni kama lori linalopanda mlima. Likisimama katikati ya mlima, kuliondoa tena ni balaa. Kwa hiyo tusisimame. Tuje kusali kanisani kila alfajiri, tusome sura tatu kila siku, tukutane kwenye vikundi vya nyumbani kila Jumatano, na mtu asiruke hata siku moja. Akauita Mwaka wa Kasi.

Mimi nilipenda sana. Ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha katoni huko Thika, na ninajua kwamba mashine iliyozoea kuzunguka haisumbui. Inayosumbua ni ile inayozimwa na kuwashwa kila mara. Nilikuwa Mkristo wa Jumapili tu, wa kuimba na kusahau kabla sijafika kwenye ngazi, na nilikuwa nimejichoka.

Sitaki kudanganya: ilinisaidia. Baada ya wiki chache nilikuwa naamka saa kumi na nusu bila kengele. Nilisoma vitabu vya Biblia ambavyo sikuwa nimewahi kuvifungua. Nikaacha kumfokea mke wangu kwa sababu ya shati ambalo halijapigwa pasi. Kiwandani vijana ninaowafundisha kazi waliulizana ni dawa gani nimepewa. Nilijisikia nikisonga, na mtu akishaonja raha hiyo hataki kuiacha. Ningemshukuru Mungu kwa mwaka huo hadi leo kama si ukuta.

Ulikuwa ubao mkubwa mweupe, sote tuliuita ukuta, uliopigiliwa karibu na mlango wa kanisa, mahali ambapo huwezi kuingia bila kuuona. Majina yetu yote yaliandikwa hapo, na mbele ya kila jina kulikuwa na visanduku vya wiki. Aliyetimiza yote alibandikiwa stika ya kijani. Aliyekosa alibandikiwa nyekundu. Viongozi wa vikundi ndio waliobandika, Jumapili asubuhi kabla ya ibada, watu wakiingia na watoto wao, wakisimama kutafuta majina yao na ya majirani zao. Majina ya jirani ndiyo yaliyotafutwa kwanza.

Nilikuwa kiongozi wa kikundi. Nilibandika nyekundu nyingi.

Mojawapo nilimbandikia mama mmoja mjane aliyeuza mboga kwenye kibanda karibu na steji ya matatu. Alikuwa na watoto watatu, na alfajiri tulipokuwa kanisani yeye alikuwa amekwenda Thika sokoni kuchukua mboga kabla hazijaisha. Nilimfuata kwenye kibanda chake mara tatu, na daftari mkononi.

"Mama, hatukuoni alfajiri."

"Alfajiri niko sokoni, ndugu. Nikichelewa napata mabaki."

"Mungu hawezi kukupa mboga nzuri ukienda umechelewa?"

Nilisema maneno hayo. Niliyasema nikitabasamu. Aliniangalia kidogo, akarudi kukata sukuma wiki, na Jumapili nikambandikia nyekundu ya nne mfululizo. Baada ya hapo hakuja tena. Kwenye mkutano wa viongozi nilisema amerudi nyuma, tukamwombea kwa dakika moja, tukaendelea na mambo mengine.

Kisha baba akaanguka.

Baba aliishi Kalimoni, si mbali na Juja, kwenye kipande kidogo cha ardhi chenye ng'ombe mmoja na migomba. Maisha yake yote alikuwa mkata matawi kwenye mashamba ya kahawa ya watu wengine. Mama alikufa zamani, na dada yangu, ambaye ndoa yake ilimshinda, alikuwa amerudi kuishi naye. Asubuhi moja dada alimkuta amelala kando ya zizi, ndoo ya maziwa imemwagika, mdomo umepinda. Ilikuwa kiharusi. Hospitali walikaa naye wiki mbili, kisha wakaturudishia: upande wa kulia umekufa, na maneno yote yameondoka. Alichobaki nacho ni sauti moja ya "mm" na mkono wa kushoto.

Dada alimpikia, akamlisha, akamgeuza kitandani. Lakini siku ya kwanza alipoleta beseni amwoshe, baba alishika shuka kwa ule mkono mmoja akaling'ang'ania mpaka machozi yakamtoka. Kwetu mzee haoshwi na binti yake. Dada alitoka nje akalia, kisha akanipigia simu.

"Njoo wewe," alisema. "Mimi hanitaki, na siwezi kumlazimisha. Ni baba."

Basi nikawa naondoka Kimbo alfajiri ile ile ya maombi, nafika Kalimoni kungali giza, nachemsha maji, namwosha baba, nambadilisha, nampa uji, kisha naendelea Thika kuwahi zamu ya asubuhi. Siku za kwanza hata mimi alinigeuzia uso ukutani. Sikujua kumwosha mtu mzima. Nilimmwagia maji masikioni. Nilimshika kama mtu anayebeba mota ya mashine. Hatukutazamana. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na sikuwa nimewahi kuona mgongo wa baba yangu, na ulikuwa na kovu refu ambalo mpaka leo sijui alilipata wapi.

Sasa, baba alikuwa na maombi yake. Kila asubuhi tangu niwe mtoto, kabla ya kukamua, alisimama kwenye mlango wa zizi, akavua kofia, akaomba kwa Kikuyu yale maneno yale yale. Yalikuwa maombi ya dakika mbili au tatu. Aliomba juu ya ng'ombe, mvua, nyumba ya huku na nyumba ya kule, kama mtu anayeita majina ya watoto shuleni. Mwanzoni mwa Mwaka wa Kasi, nikiwa na moto wangu mpya, nilimwambia hayo ni maombi ya mazoea.

"Baba, huoni Mungu anachoka kusikia maneno yale yale?"

Alicheka. "Wewe umechoka lini kula githeri?"

Sasa alikuwa hawezi kuyasema. Niliona kilichokuwa kinamsumbua katika wiki ya pili. Nikishamwosha na kumvalisha, alitazama dirishani upande wa zizi, akajaribu kufungua mdomo, ikatoka ile "mm" tu, akapiga godoro kwa mkono. Nilidhani ana maumivu. Dada ndiye aliyesema kutoka jikoni, "Anataka kuomba."

Nikapiga magoti nikamwombea maombi yangu mazuri, yenye mistari, ya kukemea na kufunga na kufungua. Akatikisa kichwa. Akapiga godoro tena. Alitaka yale yake.

Na mimi sikuyajua! Niliyasikia kwa miaka yote ya utoto wangu, hatua chache kutoka kitandani kwangu, na sikuwa nimeyasikiliza hata mara moja. Aibu hiyo siwezi kuieleza vizuri. Nilijua sura tatu za kila siku, nilijua hesabu ya stika za watu wote wa kikundi changu, na sikujua dakika mbili za baba yangu.

Tukaanza kuyatafuta. Nilishika mkono wake wa kushoto, nikasema nilichokikumbuka kwa Kikuyu, na pale nilipopatia alinibana kidole. Nilipokosea aliuachia mkono. "Asante kwa usiku." Akabana. "Asante kwa ng'ombe." Akaachia. Dada akasema, "Si ng'ombe kwanza. Ni macho." Asante kwa macho. Akabana kwa nguvu. Hivyo, asubuhi baada ya asubuhi, neno moja leo, kesho hakuna, keshokutwa mawili. Maji yalipoa tukibishana na dada kama mvua ilikuja kabla ya majirani. Nilikuwa nafika kazini nikinuka sabuni ya baba, na nilikuwa nimeomba kuliko nilivyowahi kuomba kanisani.

Kwenye ukuta, lakini, jina langu lilikuwa na nyekundu tatu. Kisha tano. Mratibu wa vikundi, mtu niliyekula naye chai mara nyingi, hakunipigia simu. Aliniandikia kwenye kundi la simu, viongozi wote wakisoma: "Ndugu, umepoa. Tunakuombea usirudi nyuma." Wengine wakaweka vile vimikono vya kuomba. Wote walijua baba ni mgonjwa. Nilikuwa nimewaambia mwenyewe.

Pasta akaniita ofisini kwake Jumapili hiyo baada ya ibada. Nilidhani ananiita kunipa pole.

"Ulikuwa mfano," alianza. "Watu wanakutazama. Ukisimama wewe, wanasimama wengi."

"Sijasimama, pasta. Ninamwosha baba yangu. Hawezi kujigeuza."

"Si una dada pale nyumbani?"

"Baba hakubali kuoshwa na binti yake."

Alitabasamu kama mtu mwenye huruma. "Hizo ni mila. Usiruhusu mila zikunyime kasi. Adui ni mjanja, hutumia hata wazazi." Akafungua Biblia kunionyesha yule mtu aliyemwambia Bwana kwamba atamfuata, ila kwanza aende akamzike babake.

"Baba yangu hajafa," nilisema. Nikatoka bila kusubiri aniombee.

Ningependa kusema kwamba nilikwenda Kalimoni kesho yake kama shujaa. Hapana. Wiki hiyo mashine kubwa iliharibika, tukafanya zamu mbili, na Alhamisi nililala kama gogo. Niliamka jua limeshatoka. Nilipofika, saa tatu ilikuwa imepita, baba alikuwa amelala kwenye mkojo tangu usiku, na dada amekaa kwenye ngazi, macho mekundu. Niliingia nikijichukia. Nilimwosha nikiomba msamaha, bila kumtazama usoni. Maneno ya pasta yalikuwa yananipigia kichwani kwamba nimesimama, kwamba kila kitu sasa ni bure, kanisani nimekosa na hapa pia nimekosa.

Nilipomaliza nikakaa tu, na beseni miguuni.

Baba akanitafuta mkono. Akaubana. Kisha akapinda mdomo, akasukuma kitu kwa bidii kama mtu anayeinua gunia, na likatoka neno la kwanza tangu aanguke. Lilikuwa limevunjika, lakini nililielewa.

"Anza."

Dada alisimama mlangoni. Nikaanza. Asante kwa usiku, asante kwa macho.

Kufikia wakati huo tulikuwa tumepata karibu maombi yote, isipokuwa mwisho. Tulifika kwenye nyumba za majirani, tukazitaja moja moja, kisha nilipotaka kusema amina aliuachia mkono wangu. Kulikuwa na nyumba imebaki. Tulitaja kila mtu. Tulitaja mwalimu, tukataja mama mkunga, tukataja hata waliohamia Juja mjini. Akaachia, akaachia. Kwa siku nyingi tulimaliza bila amina.

Ilikuwa Jumamosi, dada akiwa ameketi nasi anamenya viazi, alipoona macho ya baba. "Tazama anakoangalia," alisema. Alikuwa anaangalia ua wa miiba ya kei upande wa chini wa shamba.

Ng'ambo ya ua huo kulikuwa na mzee ambaye kwetu hatukuwa tukimtaja. Nilipokuwa mdogo alisogeza mpaka, akachukua kipande chenye kisima, na baba akaenda kwa chifu mara ngapi sijui, akashindwa kwa sababu hakuwa na mtu wa kumsemea. Mama aliteka maji mbali mpaka kifo chake. Sisi watoto tulifundishana wenyewe kutomsalimia.

"Si yule," nilisema. "Baba, yule? Aliyetunyang'anya shamba?"

Akafumba macho, akanibana kidole mpaka kikauma.

Kila asubuhi. Miaka yote hiyo, kila asubuhi, amevua kofia, baba alikuwa amemtaja yule mtu mbele za Mungu, mwisho kabisa, kabla ya amina. Hakutuambia. Hakumwambia yeye. Nilishindwa kulitamka jina lake siku hiyo. Dada ndiye aliyelitamka, kisu mkononi, sauti yake kavu, na baba akatoa "mm" ndefu, na hiyo ndiyo ikawa amina.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilifika kanisani mapema na mke wangu. Nilisimama mbele ya ubao nikaona mstari wa kikundi changu, na nyekundu nilizobandika kwa vidole vyangu, watu ninaowajua nyumba zao na sikuwahi kuingia. Nikaanza kuzibandua. Sikuwa nimepanga. Zilikuwa zimeshika sana, ikabidi nitumie kucha. Watu wakaanza kusimama nyuma yangu. Mtu akaenda kumwita pasta.

"Ndugu, unafanya nini?"

"Natoa nilizobandika mimi. Za wengine sijagusa."

"Unaharibu kazi ya Mungu mbele ya watoto wachanga wa imani."

Nikamgeukia. "Pasta, huyu hapa mumewe yuko kitandani. Huyu anafanya kazi ya usiku, anatoka tukiwa tunaingia. Huyu anauza mboga, ana watoto watatu. Ni nani kati yetu amewahi kwenda kwa hata mmoja wao bila daftari? Tunasema tunakwenda mbio. Tunakwenda mbio wapi, kama tunawapita watu walioanguka njiani?"

Pasta aliniambia kwa sauti ya chini niketi au niondoke. Mke wangu akanishika kiwiko. "Tukae," alininong'oneza. "Tukitoka watasema tumekimbia." Tukaketi safu ya tatu, na kwa muda wa saa nzima tukasikiliza mahubiri kuhusu roho ya uasi. Kwenye matangazo nikaondolewa uongozi. Mke wangu aliimba wimbo wa mwisho kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, akimtazama pasta moja kwa moja. Sijawahi kumpenda kama siku hiyo.

Jioni nilikwenda kwenye kibanda cha yule mama wa mboga. Nilimwambia nilimkosea, kwamba yale maneno ya mboga nzuri yalikuwa upumbavu, kwamba nimebandua zile stika.

Aliendelea kupanga nyanya. "Ulikuja hapa mara tatu kuniuliza kwa nini siji," alisema. "Hukuniuliza hata mara moja kama nimekula."

"Ni kweli."

"Watoto wangu walisoma hiyo rangi yangu. Yule mdogo aliniuliza kama Mungu ametukasirikia."

Akafuta mikono kwenye kanga.

"Nimekusikia," akasema. "Nimekusamehe, kwa sababu sitaki kubeba. Lakini huko sirudi. Sasa sogea kidogo, kuna mtu anataka vitunguu."

Nikasogea. Nilitaka aseme zaidi, nilitaka nitoke pale nikiwa mwepesi, lakini hiyo haikuwa kazi yake.

Hatukuhama kanisa mara moja. Tulikaa miezi mingine, nyuma kabisa, kisha tukaanza kuabudu Kalimoni kwenye kanisa dogo la mabati ambalo dada alikuwa akienda, kwa sababu baada ya kumwosha baba ilikuwa rahisi zaidi. Ule ubao ulikaa mpaka mwisho wa mwaka. Ulipoanza mwaka mpya ulikuja na neno jipya, na kwenye ubao wakabandika matangazo ya harusi.

Baba sasa anatembea kwa fimbo mpaka zizini, akiburuta mguu. Maneno yake yamerudi nusu. Bado naenda, ingawa si kila siku tena. Siku nyingine dada anamtayarishia maji, naye baba anajiosha mwenyewe, siku nyingine mwili unakataa na ananihitaji. Mimi huamka saa ile ile. Kuna asubuhi naomba vizuri, kuna asubuhi nasema maneno huku nawaza mkanda wa mashine, na kuna nyingine napitiwa kabisa. Yule mzee wa ng'ambo ya ua nimejifunza kumtaja. Bado meno yananiuma nikimtaja.

Juzi nilikutana na pasta mjini Ruiru, nje ya duka la dawa. Alinikumbatia kama ndugu aliyepotea.

"Mzee anaendeleaje? Tunamwombea sana."

"Nenda ukamwone," nilimwambia. "Yuko nyumbani. Atafurahi."

"Nitakuja, Mungu akipenda."

Nikamweleza njia vizuri, wapi pa kukata kona, lango gani. Akaitikia kwa kichwa, akasema ameshika. Kutoka kanisani kwake hadi kwa baba ni mwendo mfupi kuliko mahubiri yake yoyote niliyowahi kuyasikia. Hajafika.